Miaka Yangu kwenye Meza ya Ugomvi

Kidole changu cha kati cha mkono wa kulia hakikunjiki tena mpaka mwisho. Daktari aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nikamjibu kwamba nilikuwa nachora vitunguu. Alidhani namfanyia utani. Nimefundisha kuchora vitu vya mezani kwa kalamu za rangi katika chuo cha ufundi hapa Kamembe tangu nikiwa msichana hadi mvua za mwaka huu, na jambo la kwanza nililolifanya baada ya kustaafu ni kulala siku tatu mfululizo, nikiamka kwa swala na chakula tu.

Claudine, wewe uliyechukua darasa langu, uliniomba niandike yote. Sitaandika yote. Barua za kupandishwa cheo zimo katika faili ofisini, na anayetaka kusinzia akazisome. Nitaandika habari za meza, za kalamu, na za mtu aliyenifundisha. Pia nitaandika kosa moja ambalo haliko kwenye faili lolote, kwa sababu nililifanya kwa kukaa kimya.

Nilifika chuoni nikiwa na miaka ishirini na miwili. Baba yangu alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka hapa mjini, nami nilimsaidia tangu utoto, kwa hiyo nilijiona najua kuchora. Kweli nilijua kuandika neno BUCHERI kwa herufi nyekundu zilizonyooka, na chini yake kuchora kichwa cha ng'ombe aliyeonekana kufurahia kuchinjwa. Nikapewa kazi ya msaidizi wa mwalimu wa uchoraji, Papa Cirhuza.

Papa Cirhuza alikuwa Mushi, kabila la ng'ambo ya mpaka, mwenyeji wa Bukavu. Kila asubuhi alivuka daraja la Rusizi kwa miguu, kisha akapanda pikipiki mpaka chuoni, amevaa koti lilelile la kahawia, amebeba begi la ngozi. Watu wa forodha walikuwa wamechoka kulifungua begi lile. Ndani walikuta jiwe, chupa tupu ya dawa, kiatu kimoja cha mtoto na kitunguu, na hakuna kifungu cha sheria kinachosema jambo lolote kuhusu mtu anayeingiza kiatu kimoja.

Siku ya kwanza hakuniuliza vyeti vyangu. Aliweka mezani glasi ya maji na kipande cha makaa, akanikalisha mbele yake.

“Hadija, unaona nini pale?”

“Naona glasi na kaa, Papa.”

“Hapana,” alisema kwa Kiswahili cha Bukavu, ambamo “njo” ni “ndiyo”. “Ile njo majina yao. Mi nakuuliza unaona nini.”

Akaniambia nikae niangalie mpaka nipate, naye akaenda kufundisha. Nilikaa saa mbili, nikimkasirikia. Mwisho nikaona kwamba ukingo wa glasi haukuwepo mahali pawili. Ulikuwa umeyeyuka kwenye mwanga wa dirisha. Nikaona pia kwamba lile kaa, ambalo ningeapa ni jeusi, lilikuwa na rangi ya kijivu upande mmoja na kahawia upande mwingine, na jeusi mahali padogo tu. Nilipomwambia, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa chai aliyokuwa ameiagiza.

“Basi kuanzia leo, usichore jina ya kintu,” alisema. “Chora kintu.”

Majuma mawili yaliyofuata sikufundisha mtu. Nilichora ile glasi na lile kaa mara kumi na moja. Maji niliyabadilisha kila siku, kwa sababu maji yaliyolala hutoa vipovu vidogo ubavuni mwa glasi, na Papa alisema vipovu ni somo la mwaka wa pili.

Meza ile aliiita meza ya ugomvi. Kila juma aliweka juu yake vitu viwili visivyopatana: kimoja kinang'aa na kingine hakina mng'ao hata chembe, kimoja kigumu na kingine laini. Alisema mwanafunzi anayechora nyanya kando ya nyanya hujifunza kitu kimoja mara mbili, lakini yai likilala kando ya kufuli, kila kimoja hudai haki yake. Yai humlazimisha mchoraji awe mwepesi, na kufuli humlazimisha awe mzito, juu ya karatasi ileile na kwa mkono uleule. Miaka yote nilipotaka kujua kama mwanafunzi ameelewa, sikuangalia yai wala kufuli. Niliangalia mahali vinapokaribiana.

Kuhusu vifaa nitasema machache, maana mengi unayajua. Kalamu ya rangi haichongwi kwa kile kichongeo cha kuzungusha. Kinavunja kiini chake na kukuachia maganda. Chonga kwa wembe, polepole, ukielekeza makali mbali nawe. Chonga upande usioandikwa, ili jina la rangi libaki mpaka kalamu iwe fupi kama kidole gumba. Anza na mkono mwepesi, kana kwamba unapangusa vumbi kwenye kioo. Tabaka tano, sita, saba. Mwenye haraka hukandamiza tangu mwanzo, nta ikaziba karatasi, na baada ya hapo hata uite nani, rangi nyingine haishiki. Nimesema maneno hayo mara nyingi hivi kwamba mume wangu aliyasikia nikiyasema usingizini.

Weupe ni karatasi yenyewe. Doa la mwanga kwenye chupa halichorwi, linaachwa, na mtu asiyejua kuacha atalitafuta baadaye kwa kalamu nyeupe na hatalipata. Na kivuli si cheusi. Hili ndilo nililolirudia kuliko yote. Kivuli cha kitu cheupe kina bluu ndani yake, na zambarau kidogo, na kinaazima rangi ya jirani yake. Weka beseni jeupe kando ya papai, utaona ubavu wa beseni umeona haya.

Darasa letu lilikuwa na madirisha mapana upande wa ziwa. Mwanga wa asubuhi ulikuwa mzuri, wa mchana haukuaminika, na saa tisa mawingu yalikuja kutoka kisiwa cha Ijwi na kufuta vivuli vyote mezani kabla hujamaliza kimoja. Halafu kuna ndege. Kila ndege iliposhuka uwanja wa Kamembe, vichwa ishirini viligeuka dirishani, na viliporudi hakuna aliyejua tena jicho lake lilikuwa wapi. Nilijaribu kukataza. Baadaye nilizoea kusimama kimya na kungoja ipite.

Mwaka mmoja Papa aliamua kwamba tutachora sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, juu ya sahani ya bati kando ya viazi vitamu vyenye udongo. Wazo lilikuwa zuri. Samaki anang'aa kama chuma na ni laini kama ulimi, na kiazi hakijali mtu. Lakini kazi ya kalamu za rangi huchukua siku nne, na sambaza hakubali kukaa siku nne. Siku ya pili macho yalikuwa yamezama na fedha ya mgongoni imegeuka kuwa risasi. Ikabidi nishuke ziwani kila asubuhi kununua wapya. Maman aliyekuwa akiniuzia alipojua wanapelekwa kuchorwa, alianza kunichagulia mmoja mmoja wale aliosema wana sura. Harufu ilifika mpaka ofisi ya mkurugenzi. Alikuja mlangoni, akatazama michoro, akaondoka, na mwaka uliofuata tulichora kambare wa kukaushwa.

Hiyo ndiyo miaka niliyokuwa na nguvu. Sasa nieleze lile lingine.

Baada ya miaka minane hivi kando ya Papa Cirhuza, nilianza kuona kwamba anashika kalamu karibu na pua. Nilidhani ni uzee. Halafu nikaona anasoma jina lililoandikwa kwenye kalamu kabla ya kuitumia, yeye ambaye zamani alinyoosha mkono bila kuangalia na kutoa zambarau iliyofaa. Kalamu zilizokuwa fupi mno, zilizopoteza jina, aliacha kuzigusa. Aliniita: “Hadija, nipatie ile bluu ya mwepesi.” Ilikuwa mbele yake.

Sikumuuliza. Nilifanya nilichodhani ni heshima. Nilitafuta mikebe ya maziwa, nikazipanga kalamu zake kwa rangi, mkebe wa bluu kushoto kabisa, wa kijani unafuata, hivyohivyo mpaka nyekundu, na nikahakikisha hakuna mwanafunzi anayeichanganya. Hakuniambia asante wala hakuuliza kwa nini. Akaizoea tu mikebe. Michoro yake mwenyewe ilianza kuwa ya kahawia, kama vitu vyote vimelowekwa kwenye chai, na watu waliokuja chuoni walisema ni mtindo mpya.

Michoro yake ingebaki yake. Lakini yeye ndiye aliyetoa alama.

Wa kwanza kuumia alikuwa Faustin, kijana wa miaka ishirini kutoka Rwimbogo, mtu wa maneno machache. Kazi yake ya mwisho wa mwaka ilikuwa yai jeupe kando ya kufuli lenye kutu. Aliujenga mviringo wa yai kwa bluu hafifu sana, tabaka juu ya tabaka, hata ungetaka kulishika lisianguke. Papa Cirhuza alilitazama na kusema yai halina kivuli, limeachwa tupu, kijana ni mvivu. Akampa saba juu ya ishirini. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Niliiona ile bluu. Nilijua kilichotokea, nikasema moyoni kwamba nitalizungumza kesho, akiwa peke yake. Kesho nikasema kesho. Faustin alitakiwa kurudia mwaka, na wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kumrudisha. Aliondoka bila kulalamika, na mchoro wake ukabaki kabatini.

Mwaka uliofuata ikawa Vestine.

Vestine alikuwa binti wa Mururu, aliyekuwa akipanda na kushuka mlima kila siku kuja chuoni, viatu mkononi wakati wa mvua. Baba yake alikuwa amekufa, na baba yake mdogo ndiye aliyekuwa na sauti nyumbani. Alikuwa amemwambia waziwazi: akirudia mwaka, atabaki nyumbani alime. Alichora beseni jeupe la bati, lenye ukingo wa bluu, kando ya chungu cheusi cha kupikia. Sijawahi kuona mwanafunzi akichora bati jeupe namna ile. Ndani ya beseni aliweka kivuli cha bluu kilichokuwa kinapungua polepole kuelekea kwenye mwanga, na upande mmoja ukaazima weusi wa chungu. Mahali palipobanduka rangi palikuwa na kutu ya kweli.

Papa Cirhuza aliushika mchoro mbali, akausogeza karibu, akaushika mbali tena.

“Ule chungu ni muzuri,” alisema. “Lakini beseni haiko. Amechora mustari ya bluu juu, na chini ameacha karatasi.” Akaandika nane.

Vestine alinitazama mimi. Hakumtazama yeye. Labda alikuwa ameona siku nyingi ile mikebe na anajua maana yake. Wanafunzi huona kila kitu. Kisha akakusanya kalamu zake na kutoka.

Siku ileile, masomo yalipokwisha, mvua ilianza na Papa akabaki darasani kungoja ipungue kabla ya kwenda mpakani. Nilichukua mchoro wa Vestine, nikausimamisha kwenye dirisha.

“Papa, nioneshe bluu iko wapi kwenye beseni hili.”

“Kwenye ukingo.”

“Na ndani?”

Alisimama, akakaribia mpaka pumzi yake ikagusa karatasi. Alitazama muda mrefu. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, na nilifurahi kwamba kulikuwa na sauti ya kitu fulani.

“Ndani iko bluu?” aliuliza.

“Iko, Papa. Beseni lote limejengwa kwa bluu.”

Alirudi kukaa. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, akaivaa tena, kama vile kosa lingeweza kuwa la miwani.

“Umejua tangu siku gani?”

“Tangu mwaka juzi.”

“Na kuna mungine?”

“Faustin. Yule wa yai.”

Nilidhani atanikemea kwa kumvunjia heshima. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alisema polepole, bila hasira:

“Basi wewe njo uliumiza bale batoto. Mi sikuona. Wewe uliona.”

Nimekaa na maneno hayo miaka mingi, na bado sijapata mahali pa kuyajibu. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa namlinda. Lakini hata mimi nilisikia kwamba haikuwa kweli kamili. Nilikuwa najilinda na saa moja ya aibu, na wengine wakalipa saa ile kwa niaba yangu.

Mvua ilipokatika hakwenda mpakani. Alikwenda ofisini kwa mkurugenzi, akaniita niingie naye, akasema macho yake yameharibika, kwamba alama za mwisho si halali, na kwamba kazi zote zipimwe upya na mimi. Mkurugenzi alimwambia apumzike, atazungumza naye baadaye, labda kuna dawa. Papa alisema hakuna la kuzungumza. Aliweka funguo za kabati mezani, akanipa mkono kama tunavyopeana na watu wa mbali, akaondoka na begi lake. Miaka kumi ya kufanya kazi pamoja iliisha kati ya saa tisa na saa kumi na nusu.

Nilizipima kazi zote upya. Vestine alipata kumi na saba, akaendelea, na leo anachora vielelezo vya vitabu vya shule. Mimi nikapewa darasa. Wengine walinipongeza. Sikuwa na hamu ya pongezi.

Faustin nilimchelewesha mpaka likizo kubwa. Kila juma nilikuwa na sababu: mtoto ana homa, barabara imekatika. Mwisho niliuchukua mchoro wake kabatini, nikauviringisha katika gazeti, nikaenda Rwimbogo. Nilimkuta shambani, anapalilia mihogo na mke wake. Alikuwa ameoa katika muda ule. Aliosha mikono, akanipa kigoda, mke wake akaleta maji. Nikamweleza yote, na nikamwambia pia lile la kwangu, kwamba mimi niliona na nikanyamaza. Nikamwambia mkurugenzi amekubali arudi bila kulipa chochote.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba auone mchoro. Akaufungua juu ya magoti, akaweka kidole karibu na yai bila kuligusa, kama tulivyomfundisha.

“Kumbe kivuli kilikuwepo,” alisema.

“Kilikuwepo.”

“Mi nilifikia kuamini kama sikukiweka.”

Hakurudi chuoni. Alisema mke ana mimba, na mihogo haingoji. Hakuwa na kinyongo ambacho ningeweza kukiona, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba njiani kuliko kama angenifukuza. Mchoro alibaki nao. Nimemwona mara mbili tatu sokoni tangu siku ile, tunasalimiana vizuri, anauliza habari za chuo, nami namuuliza habari za watoto.

Papa Cirhuza alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ule utando huingia kidogo kidogo, ukiwa na rangi ya manjano na kahawia, na unakula bluu kwanza. Mwenyewe hajui, kwa sababu hakuna siku ambayo ni tofauti sana na jana yake. Ilichukua zaidi ya mwaka mpaka wanawe wakamshawishi afanyiwe upasuaji huko Bukavu. Nilikwenda kumwona alipotolewa bandeji ya jicho la pili. Alikuwa amekaa barazani anatazama ziwa, na alikuwa amekasirika. Alisema hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia kwamba bado lina rangi ile.

Kisha akauliza kuhusu Faustin. Nilimweleza. Akasema atakwenda yeye mwenyewe. Alikwenda kweli, mzee yule, juu ya pikipiki mpaka Rwimbogo. Walichozungumza sikijui, na sikuuliza.

Mwezi mmoja baadaye, asubuhi, nilikuwa nimepanga meza, chupa ya kijani kando ya kitambaa cha kitani kilichokunjwa, mlango ukafunguliwa na Papa Cirhuza akaingia. Wanafunzi wapya hawakumjua. Aliniomba ruhusa ya kukaa. Nilimletea kiti changu, akakikataa, akakaa kwenye kigoda katikati ya wanafunzi, akatoa kalamu zake, akachora kwa siku nne. Nilipita nyuma yake kama nilivyopita nyuma ya wengine. Siku ya nne walipoleta kazi zao mezani, naye akaleta yake, jina limeandikwa juu kulia kama wengine.

“Ipime,” alisema.

Nilitazama. Chupa ilikuwa ya mtu aliyejua chupa kabla mimi sijazaliwa. Lakini kitambaa kilikuwa kigumu kama ubao, na bluu ilikuwa nyingi mno kila mahali, alikuwa anaifurahia kama mtoto anavyofurahia sukari. Darasa lote lilikuwa linatazama. Niliandika kumi na mbili.

Aliisoma. Akaishika karatasi mbali, akaisogeza karibu.

“Ni kitambaa?”

“Ni kitambaa, Papa. Na bluu imezidi.”

“Ni kweli,” alisema, akaomba karatasi nyingine.

Alikuja kila juma kwa miaka mitatu, mpaka miguu ilipokataa. Alama ya juu niliyompa ilikuwa kumi na sita. Alipofariki, wanawe waliniletea mikebe ya maziwa, ile ileile, imejaa kalamu fupi. Ndiyo hiyo unayoitumia kuwekea brashi za gundi. Endelea kuitumia.

Miaka iliyofuata siwezi kuieleza kwa mpangilio, kwa sababu ilifanana. Vitunguu vingi, chupa nyingi. Wanafunzi waliokandamiza tangu mwanzo, na mimi nikisema msikandamize. Walikuja wengine wenye simu, wanapiga picha meza kisha wanachora kutoka kwenye picha, na nilichoka kueleza kwamba simu imeshaamua kwa niaba yao kivuli kina rangi gani. Shingo ilianza kuuma, halafu kidole, halafu nikaanza kuingia darasani nikiwa nimechoka kabla sijasema neno. Watu hudhani kazi ya kuchora inapumzisha. Kutazama kunachosha kuliko kubeba mawe. Anayebeba mawe anaruhusiwa kufikiria jambo lingine.

Mwaka jana ulipoletwa uwe msaidizi wangu, nilikupa utaratibu uliokushangaza. Nilikuambia uzipime kazi zote peke yako, bila kuona alama zangu, kisha tuziweke pamoja. Ulidhani nakujaribu. Tulipozilinganisha, nyingi zilikaribiana. Ilibaki moja, parachichi lililokatwa kando ya kijiko, ambayo mimi nilikuwa nimeipa tisa na wewe kumi na nne. Ulikaa na karatasi ile mkononi. Niliona unavyoipindua, unanitazama, unaitazama tena. Nilikuwa nimechoka siku ile, Claudine, na nakiri nilitamani ukubali tisa yangu twende nyumbani.

“Madamu,” ulisema, “hapa naona umekosea. Kijiko kimebeba kijani cha parachichi. Angalia shingoni pake.”

Nilivaa miwani, nikapeleka karatasi dirishani. Ilinichukua muda. Kijani kilikuwepo, chembamba, mahali ulipoonesha. Ningekuwa peke yangu nisingekiona. Nikafuta tisa, nikaandika kumi na nne, na kesho yake nikapeleka barua ya kustaafu kwa mkurugenzi.

Wewe ukaniomba radhi, ukasema hukukusudia kunivunjia heshima. Sikukujibu siku ile, kwa hiyo nakujibu sasa. Usiniombe radhi kwa jambo lile, na usimwombe mtu mwingine yeyote. Siku utakapoona na mwenzako hajaona, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama mvua inanyesha na watu wanataka kwenda nyumbani.